Kushoto kwa Nani

Karakana ya chuo ilikuwa na mstari wa njano uliopakwa sakafuni, na mwanafunzi hakuruhusiwa kuuvuka. Ukiwa na mchoro wako unasimama pale pale, unanyoosha mkono kama mtu anayemwomba jirani chumvi dirishani, na aliye upande wa pili anaupokea akijisikia. Asipojisikia, unarudi kesho. Rula alikuwa amesimama kwenye mstari huo mara nyingi hadi wenzake wakawa wanamtania kwamba soli za viatu vyake zimeanza kugeuka njano.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata darasani kwa sababu ya rula ya chuma iliyokuwa haibanduki kwenye mkoba wake, na kwa sababu mwenyewe alikuwa mtu wa kunyooka, asiyependa mambo ya kupindapinda. Alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi. Sheria ya mwaka huo ilikuwa moja: ubuni kitu, karakana ikiunde, ukionyeshe mbele ya jopo la watahini. Bila kitu kilichoundwa hakuna shahada. Na usijifanye mjanja ukapeleka mchoro kwa mchomeleaji wa mtaani, maana kazi iliyoundwa nje ya karakana haikutazamwa hata kwa jicho moja.

Mkuu wa karakana alikuwa mzee mmoja mwenye ovaroli safi mno kwa mtu wa kazi ile. Wanafunzi walimwita Mzee Foleni. Umwambie nini, umsalimie vipi, jibu lake lilikuwa lile lile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuna foleni."

Na kweli foleni ilikuwepo, ila haikuwa ya wanafunzi. Muhula ule wote karakana ilikuwa inaunda jukwaa la mahafali, la chuma, lenye ngazi pande mbili na kivuli juu yake. Yaani wanafunzi walikuwa wanashindwa kumaliza masomo kwa sababu mafundi walikuwa wanawatengenezea mahali pa kusimama siku ya kumaliza masomo. Siku moja Rula alishindwa kujizuia, akamweleza Mzee Foleni jambo hilo kama lilivyo. Mzee alifikiri kidogo, akakubali kwamba ni kweli, lakini jukwaa lilitangulia kwenye foleni.

Kazi aliyobuni Rula ilikuwa meza ya kukatia kitambaa kwa mkono mmoja, na mkono wenyewe ulikuwa wa Mama Mdogo.

Mama Mdogo ndiye aliyemlea tangu akiwa na mapengo ya utotoni. Alikuwa mshonaji wa nguo za kike, sebule yake ndiyo iliyokuwa kiwanda, na ukiingia huna pa kukaa mpaka usogeze magauni ya watu. Halafu ikaja ajali ya barabarani, na mkono wake wa kulia ukafa kuanzia begani. Haukukatwa; ulikuwepo, ila ulining'inia tu, haujui moto wala baridi. Aliutembeza ndani ya kitambaa cha maua alichokifunga shingoni, na wakati mwingine aliusahau hata ukabanwa na mlango.

Kushona alijifunza upya. Miguu ilikuwa mizima, cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mkono wa kushoto ukajua kuongoza kitambaa. Kilichomshinda ni kukata. Mkasi unataka mkono mmoja, kitambaa kinataka mwingine wa kukishika, na yeye alikuwa na mmoja wa kazi zote mbili. Kwa hiyo Rula alimkatia asubuhi kabla ya kwenda darasani, naye alikata kihandisi, mistari imenyooka kama barabara mpya, magauni yakatoka kama maboksi. Wateja hawakusema kitu. Walianza tu kupita na mifuko yao bila kugeuza shingo, wakielekea kwa fundi wa mtaa wa pili.

"Mimi si fundi tena," Mama Mdogo alisema mara moja tu, akitazama mlangoni. "Mimi ni mtia viraka."

Kutokana na neno hilo Rula akabuni ile meza. Kisu cha duara kilitembea juu ya reli ya chuma kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukikanyaga pedeli, ubao unashuka na kubana kitambaa. Ukivuta mpini, kisu kinakwenda, na ukiusukuma mbele au nyuma reli nzima inaufuata na mstari unapinda. Ukiuachia, springi inaurudisha. Miguu ishike kitambaa, mkono ukate, na mwenye meza aamue mwenyewe mstari upinde wapi. Mpini ulikuwa upande wa kushoto. Hilo ndilo lililokuwa roho ya mchoro wote. Aliandika kwa herufi kubwa, akapigia mstari chini yake kwa ile rula yake: MPINI UWE KUSHOTO.

Mchoro ulipokelewa kwenye mstari wa njano na mchomeleaji wa karakana, mtu mwembamba, mcheshi, mwenye miwani nyeusi aliyoipandisha kwenye paji la uso saa zote. Huyu walimwita Tayari. Ukimuuliza kazi yako imefika wapi, alisema tayari. Ukimuuliza uje kuichukua lini, alisema bado. Hakuwa mwongo. Kwake yeye kazi ilikuwa tayari pale alipoielewa, na kuiunda kulikuwa jambo dogo litakalofuata baadaye.

"Umenielewa, kaka?" Rula alimuuliza. "Kushoto."

"Dada, mimi kushoto nakujua. Tayari hiyo."

Ikawa nenda rudi. Mara bomba za meza yake zimechukuliwa kwa ngazi za jukwaa. Mara mashine ya kukereza vyuma imeharibika, na mwenye kuitengeneza naye yuko kwenye foleni ya mahali pengine. Rafiki yake mmoja, aliyebuni ngazi ya kukunja, alikabidhiwa kazi yake kabla ya wote, akaibeba mgongoni akiimba, na alipofika nje akagundua kwamba bawaba zote zimechomelewa ili ngazi iwe imara. Tangu siku hiyo jina lake likawa Haikunjiki. Rula alicheka pamoja na wengine, lakini kicheko kilimkauka haraka, kwa sababu kazi yake ilikuwa mikononi mwa watu wale wale.

Hatimaye meza ikasukumwa hadi kwenye mstari wa njano. Ilikuwa nzuri, asidanganye mtu. Reli iling'aa, ubao umepigwa msasa ukalainika, pedeli ilishuka bila kelele. Rula aliizunguka, akavuta kiti cha fundi kilichokuwa karibu, akakaa pale ambapo Mama Mdogo angekaa. Mpini ulikuwa kulia.

"Kaka," alisema polepole, "huu mpini uko kulia."

Tayari alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, akimtazama uso kwa uso. Alinyanyua mkono wake wa kushoto, akaushika mpini. "Hii nini?"

"Huko ni kushoto kwako wewe."

"Sasa ulitaka kushoto kwa nani?"

"Kwa mtu aliyekaa!"

"Mtu gani? Kwenye mchoro hamna mtu." Tayari aliutandaza mchoro juu ya meza, akaugonga kwa kidole. Na ni kweli, hapakuwa na mtu. Kulikuwa na meza tu imechorwa kwa ustadi, na maneno yale yamepigiwa mstari. "Meza ina uso, dada. Uso wake ni huku mteja anapoingilia. Ukisimama mbele ya meza, kushoto ni huku. Ukikaa nyuma yake huko, hayo ni mambo yako."

Rula alisema mbele ya meza ni pale penye pedeli, kila mtu anajua. Tayari akasema basi amuulize kila mtu. Akaitwa Mzee Foleni, naye alikuja, akatazama meza upande huu, akaitazama upande ule, akatoa hukumu: kushoto ni kushoto.

"Si tuuhamishe tu mpini, mzee?"

"Kubadilisha ni kazi mpya. Kazi mpya inataka mchoro mpya uliosainiwa na mwalimu wako. Na mchoro mpya unaanzia nyuma ya foleni."

Damu ilimchemka Rula hadi masikioni. Alitaka kumwambia mzee mambo mazito, lakini adabu aliyofunzwa nyumbani ilimshika ulimi, na badala ya maneno yakaja machozi. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Tayari, ambaye hakuwa na roho mbaya, alijaribu kumchangamsha.

"Kila ukija hapa ni kulia tu, dada," alisema. "Ndiyo maana hata mpini umekwenda kulia."

Mafundi wote walicheka. Hata mzee alitabasamu. Rula aliondoka na mchoro wake kwapani, na kicheko kile kilimfuata hadi getini.

Mwalimu aliyemsimamia alikuwa mtu wa haraka. Alikula akitembea, alisaini akitembea, na ushauri aliutoa akiwa ameshika kitasa cha mlango. Alimsikiliza Rula hadi nusu.

"Hao huwabadilishi," alisema. "Wao wanasoma mchoro wakiwa wamesimama mbele. Basi waandikie kwa macho yao. Andika kulia, upate kushoto."

"Lakini mwalimu, mchoro utakuwa unasema uongo."

"Unataka mchoro wa kweli au unataka meza?"

Alitaka meza. Usiku kucha neno lile lilimkera, lakini asubuhi aliliandika: MPINI UWE KULIA. Alilipigia mstari huku mkono ukimwambia anakosea.

Tatizo ni kwamba Tayari naye hakuwa amelala bure. Ile siku ya machozi ilimgusa. Alikwenda nyumbani akiiwaza meza, akajilaumu, akajiambia kwamba yule binti anaposema kushoto, anasema kama mtu aliyekaa, na kuanzia leo atamsoma hivyo. Kwa hiyo mchoro mpya ulipofika kwenye mstari wa njano, alinyanyua mkono wake kabla Rula hajafungua kinywa.

"Usinieleze," alisema. "Safari hii nimekushika. Najua unavyoandika."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa. Tayari hii."

Na Rula, kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, aliondoka pale akiwa na furaha, kwa sababu alisikia sauti ya mtu aliyeelewa. Hakujua kwamba yeye amehamia upande wa Tayari, Tayari amehamia upande wake, na wamepishana katikati bila kuonana.

Meza ilitoka karakana asubuhi ya siku ya watahini. Mzee Foleni mwenyewe aliisukuma hadi ukumbini, imefunikwa turubai jipya. Turubai lilipovutwa Rula aliizunguka hadi penye pedeli. Reli ilikuwa mpya, mpini ulikuwa mpya, umechomelewa vizuri kuliko mara ya kwanza. Nao ulikuwa kulia kwa mtu aliyekaa.

"Umeandika kulia," Tayari alisema alipoona sura yake, na tabasamu lake likaanza kufifia. "Nikasema, huyu anaandika kwa aliyekaa. Nikajua umeamua ubaki kule kule, nikaufunga upya kulia kwa aliyekaa."

"Niliandika kulia kwako wewe!"

"Sasa mbona uniandikie mimi? Mimi ndiye nitakayekata nguo?"

Hapakuwa na muda wa kugombana. Mwalimu alikuja mbio, akaitazama meza, akaelewa kwa jicho moja, akamvuta Rula pembeni. "Nisikilize. Inakata?"

"Inakata, lakini..."

"Basi inakata. Usiguse habari ya kushoto. Sema mpini uko pembeni. Ukifaulu umefaulu."

Rula alijua maana ya maneno hayo, na Mzee Foleni alikuwa ameshamwambia mapema, kwa ile sauti yake ya kusoma sheria. Kazi ikifaulu inakabidhiwa kwa mlengwa jinsi ilivyo, faili linafungwa, na karakana haiigusi tena. Ikiandikwa haijakamilika, inarudi karakana, na mwenyewe anarudia muhula mzima. Na mchomeleaji wa mtaani alishamwona kabla: aliutazama mchoro akasema yeye anatengeneza mageti, reli ya kukereza aipeleke kwa wenye mashine. Palikuwa na mahali pamoja tu duniani pa kuuhamisha ule mpini.

Mama Mdogo alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, amevaa gauni lake la kwendea harusini, na kitambaa cha maua shingoni amekipiga pasi.

Jopo lilikuwa la watu wachache. Aliyezungumza zaidi ni mtahini aliyetoka chuo kingine, mama mmoja mwenye sauti ya kucheka. Rula alieleza pedeli, akaeleza reli, akavuta mpini kwa mkono wake mwenyewe wa kulia, na kitambaa kikakatika kwa sauti tamu. Mtahini akaomba ajaribu. Akakata. Akakata tena, akaipinda kona kuwa tao. "Hii ningeiweka nyumbani kwangu," alisema, na mwalimu akapumua kwa nguvu hadi karatasi zikapepea. "Sasa tumwone mwenyewe."

Mama Mdogo alikaa mezani kwa madaha ya mtu aliyekaa mezani maisha yake yote. Alikanyaga pedeli, ubao ukabana. Akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta mpini, hakuukuta. Aliutafuta kwa macho, akauona ng'ambo. Alipinda kiuno, akapitisha mkono wake mzima mbele ya kifua, juu ya ule uliokufa, akaushika mpini akavuta. Kisu kikaenda, kitambaa kikakatika. Akauachia. Springi ikaurudisha mpini kwa kasi, nao ukagonga kiwiko cha mkono wa kulia uliolala pale ndani ya kitambaa cha maua. Ko.

Mama Mdogo hakuhisi. Alikuwa anatabasamu.

Ukumbi ulipiga makofi. Akapata moyo, akasogeza kitambaa, akakata tena. Ko. Na tena. Ko. Kila mara alipinda kama mtu anayechungulia kisimani, kila mara mpini ulirudi ukamgonga mahali pale pale, na kila mara aliinua uso akiwatazama watu kama msichana aliyeimba vizuri shuleni. Rula alisimama kando yake na rula mkononi. Makofi hayakuingia masikioni mwake. Alichosikia ni ile ko.

"Hongera sana," mtahini alisema, akiokota kalamu. "Mimi sina swali. Imefaulu."

"Haijafaulu," Rula alisema.

Mwalimu alikohoa. Mtahini aliinua kichwa. "Tumeiona ikikata, binti."

"Inakata, mama. Lakini nilibuni meza ya mtu mwenye mkono wa kushoto, na hii ni ya mtu mwenye mkono wa kulia. Wenye mkono wa kulia wana mikasi, imejaa madukani." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Naomba iandikwe haijakamilika. Irudi karakana."

"Unajua unachoomba? Mahafali utayakosa."

"Najua. Na ninakasirika kweli kweli, usidhani sikasiriki. Lakini iandike."

Mtahini alimtazama mwalimu, mwalimu akatazama dari. Kalamu ilichelewa juu ya karatasi, kisha ikaandika.

Kwenye korido Mama Mdogo alimwakia hadi waliokuwa wakisubiri zamu yao wakajifanya wanasoma mabango ukutani. "Umerukwa na akili? Nimevaa gauni hili nije kukutazama ukijifelisha mwenyewe? Nani amekutuma? Mimi nilikuwa nakata!"

"Ulikuwa unajipinda, Mama Mdogo."

"Ningezoea! Mimi nimezoea mangapi?"

Rula alimsogelea. Alifungua kile kitambaa cha maua, akapandisha mkono wa gauni taratibu. Kiwiko kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu, na ngozi ilikuwa imeanza kuchanika. Mama Mdogo alikiangalia kama anaangalia mkono wa mtu mwingine aliyekaa karibu naye kwenye benchi.

"Hiki kimefanywa na nini?" aliuliza.

"Na meza yangu."

Kisha Mama Mdogo akaushusha mkono wa gauni mwenyewe, akaurudisha mkono wake ndani ya kitambaa, akasema wanakwenda nyumbani, na njia nzima hakumsemesha.

Siku ya mahafali Rula alikwenda karakana, Mama Mdogo akimfuata nyuma. Aliichagua siku hiyo kwa makusudi. Jukwaa lilikuwa limeshatolewa, limesimama uwanjani limepambwa, na karakana ilikuwa na nafasi mpaka sauti ilikuwa inarudi. Mzee Foleni alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti, ovaroli yake safi, akionekana kama mtu aliyefiwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Alifungua kinywa, akakifunga. "Leo hakuna foleni."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Mchoro mpya uko wapi?"

"Huyu hapa," Rula alisema, akamshika Mama Mdogo bega, wakauvuka mstari wa njano wote wawili.

Mzee alisimama ili awazuie, lakini kumzuia mama wa watu mwenye mkono shingoni kulimshinda, akabaki ameinua kiganja. Tayari alitoka nyuma ya mitungi ya gesi akifuta mikono. Meza ilikuwa pale pale ilipoachwa tangu irudishwe kutoka ukumbini. Rula alimkalisha Mama Mdogo penye pedeli, akachukua kitambaa chekundu cha kufutia grisi, akamfunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto.

"Mpini uwe hapa," alisema. "Penye kitambaa chekundu. Sisemi kushoto, sisemi kulia. Hapa."

Tayari alisimama mbele ya meza, akanyanyua mkono wake mmoja, akaushusha, akanyanyua mwingine. Kisha akaizunguka meza, akasimama nyuma ya Mama Mdogo, akitazama anakotazama yeye. Akanyoosha mkono wake wa kushoto sambamba na ule wenye kitambaa chekundu. Alitazama mkono wa pili, ule uliolala. Alikuwa hajawahi kuuona kwa karibu. Aliinama akautazama vizuri.

"Kumbe mkono huu haufanyi kazi," alisema.

"Haufanyi," Mama Mdogo alimjibu.

"Sasa, dada," Tayari alimgeukia Rula kwa masikitiko ya kweli, "si ungesema tangu mwanzo?"

Rula alifungua kinywa. Yalimjaa yote: michoro, mistari, herufi kubwa, machozi, nenda rudi ya muhula mzima. Yakasongamana mlangoni, hakuna lililoweza kutoka. Aliyecheka wa kwanza ni Mama Mdogo, akacheka hadi ile meza ikatikisika, na alikuwa hajacheka naye tangu siku ya watahini.

Tayari alishusha miwani yake nyeusi. Cheche ziliruka, mpini ukang'oka kwenye reli. Uwanjani kipaza sauti kilianza kuita majina ya waliohitimu, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa herufi, na vigelegele vikifuata kila jina. Haikunjiki aliitwa, akashangiliwa kuliko wote. Rula alishikilia mwisho wa reli ili isitikisike. Walikaribia herufi yake. Wakaifikia. Wakaipita.

Mama Mdogo alikuwa ametega sikio. "Wamekuruka," alisema kwa sauti ndogo.

"Nimesikia. Usigeuke, Mama Mdogo, kaa kama ulivyo. Huyu akikosea tena nitamchomelea yeye."

"Nasikia, dada," Tayari alisema toka chini ya meza.

Chuma kilipopoa, Rula alitandaza kipande cha kitambaa cha gauni. Mama Mdogo alikanyaga pedeli. Mkono wake wa kushoto ulikwenda moja kwa moja kwenye mpini, bila kuutafuta, akavuta akiwa ameketi wima. Kisu kilikwenda, kikapinda pale alipotaka kipinde, mahali pa kiuno cha gauni, mpindo ambao Rula hajawahi kuuweza kwa mkasi wowote. Akauachia mpini. Wote wanne walisubiri ile sauti.

Haikuja. Mkono wa kulia ulikuwa umelala ndani ya kitambaa chake cha shingoni, na hakuna kilichougusa.

"Tayari," alisema Tayari.

Rula alipima kwa rula yake, akapima tena, akatafuta kosa kwa bidii ya mtu aliyekosewa muhula mzima. Hakulipata.